Wimbledon ukiwa Unguja au Pemba: king'amuzi, bando, redio au barazani?

Msimu wa viwanja vya nyasi ndio mfupi kuliko yote katika tenisi. Unaanza Juni, mara tu Roland Garros, michuano ya udongo ya Paris, inapomalizika, na wiki tano baadaye bingwa wa Wimbledon, michuano mikubwa ya nyasi ya London, ameshainua kombe. Anayezikosa wiki hizo anasubiri mwaka mzima. Kwetu zinaangukia kipupwe: masika yamekwisha, kusi linavuma, na wageni wamejaa Mji Mkongwe. Shabiki wa mpira wa miguu hapa visiwani hahitaji kupanga chochote, kwa sababu kila anapokwenda televisheni iko wazi na mechi inaendelea. Shabiki wa tenisi asipopanga mapema ataambulia matokeo ya jana.

Njia zilizopo ni nne: kulipia king'amuzi nyumbani, kutazama video kwa bando la simu, kufuata matokeo na redio kupitia intaneti, au kwenda mahali penye televisheni ya watu wengi. Zote nimezitumia, na msimamo wangu nausema mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Wiki ya kwanza ya Wimbledon ni ya matokeo na redio. Wiki ya pili ni ya picha. Atakayelipia picha kwa ajili ya wiki ya kwanza peke yake anatumia pesa pasipo na faida kubwa, na atakayebaki na tarakimu za simu mpaka siku ya fainali anajinyima kilicho kitamu zaidi.

Sababu ni nyasi zenyewe. Pale Wimbledon zinakatwa hadi milimita 8, na tangu 2001 ni za aina moja tu, jamii ya rai (ryegrass), zilizochaguliwa kwa kuwa zinavumilia kukanyagwa. Mpira ukigusa nyasi unateleza na kubaki chini, hauruki juu kama kwenye udongo wa Paris. Kwa hiyo anayeanzisha pointi kwa kupiga servisi ana nguvu kubwa, na pointi nyingi zinaisha kwa mipigo mitatu au minne. Jumatatu ya kwanza uwanja ni kijani kitupu na wachezaji wanaanguka ovyo kwa utelezi. Ukitazama tena siku ya nusu fainali, utaona nyuma ya mstari wa mwisho, wanakosimama wachezaji, nyasi zimekwisha na imebaki ardhi ya kahawia. Miguu inashika vizuri zaidi, mabishano ya mipigo yanarefuka, na hapo ndipo jicho linapohitaji picha.

Saa zetu na saa za London

Kabla ya kuchagua njia, angalia saa, maana ndizo zitakazoamua mengi. London wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa mbili. Viwanja vya pembeni vinaanza saa 7 mchana kwa saa zetu, Uwanja Namba 1 saa 9 alasiri, na Centre Court, uwanja mkuu, saa 9:30. Mchezo hauruhusiwi kuendelea baada ya saa 5 usiku ya London, ambayo kwetu ni saa 7 usiku. Mechi ikifika hapo inakatwa na kuendelea kesho yake.

Ukizipanga na siku yetu, utaona kwamba mchana wa viwanja vya pembeni ni wakati watu wengi wako kazini, dukani au darasani. Centre Court inaanza karibu na Alasiri. Mechi ya tatu ya Centre Court, ambayo mara nyingi ndiyo yenye jina kubwa, inaingia baada ya Magharibi na inaweza kukufikisha usiku mkubwa.

Fainali nazo zimebadilika. Zamani zilianza saa 8 mchana ya London, kwetu saa 10 alasiri. Tangu 2025 fainali za mchezaji mmoja mmoja, ya wanawake Jumamosi na ya wanaume Jumapili, zinaanza saa 10 jioni ya kule, yaani saa 12 jioni yetu. Julai jua linazama hapa muda mfupi baada ya saa 12 na robo. Maana yake Magharibi inaingia seti ya kwanza ikiwa bado mbichi, na Isha inaingia mchezo umepamba moto. Njia utakayoichagua kwa fainali lazima ikubali kuachwa na kurudiwa.

King'amuzi nyumbani

Kwa nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara, Wimbledon imekuwa ikionyeshwa na SuperSport kupitia DStv. Haki za matangazo huuzwa kwa mkataba wenye mwisho, kwa hiyo usilipe kwa kukumbuka mwaka uliopita. Nenda kwa wakala, muulize mambo mawili: mwaka huu Wimbledon iko, na chaneli ya tenisi iko kwenye kifurushi gani. Swali la pili ndilo watu wanalolisahau. Mtu analipia kifurushi cha chini kwa kuwa kina chaneli ya michezo, kisha anafungua na kukuta chaneli hiyo ni ya mpira wa miguu mtupu.

Uzuri wa king'amuzi ni picha safi kwenye kioo kikubwa. Unaona mpira unavyoteleza, unaona mguu uliochelewa. Dishi halili bando, na kwa kuwa Juni na Julai mvua zetu ni chache, ishara haikatikikatiki kama wakati wa masika. Kwa nyumba yenye watu watano gharama inagawanyika: wanaotaka tamthilia wanaipata asubuhi, wewe unachukua alasiri. Na king'amuzi cha kurekodi kinakuruhusu kusimamisha mechi, ukaenda kusali, ukarudi ukaendelea pale pale ulipoacha. Kwa fainali ya saa 12 jioni hilo ni jambo kubwa.

Ubaya wake ni kwamba unalipa mwezi mzima hata ukitaka siku nne tu, na umeme ukikatika umebaki na kioo cheusi. Kuna ubaya mwingine usiosemwa sana: televisheni inakuonyesha mechi waliyoichagua wao. Wiki ya kwanza viwanja 18 vinachezwa, na chaneli ya kawaida inabaki na Centre Court na Uwanja Namba 1. Ukimpenda mchezaji aliyepangiwa Uwanja Namba 14, hutamwona.

Kuhusu huo mwezi mzima, kuna hesabu inayostahili kufanywa. Michuano ya wanaume ya Queen's Club ya London na ile ya Halle, Ujerumani, huchezwa wiki moja, wiki mbili kabla ya Wimbledon kuanza. Mwaka 2026 wiki hiyo inaanza Jumatatu tarehe 15 Juni, na fainali ya Wimbledon ya wanaume ni Jumapili tarehe 12 Julai. Ni siku 28. Kifurushi cha siku 30 ukikilipia asubuhi ya Jumatatu ile kinakutosha kwa Queen's, Halle, wiki ya katikati ya Eastbourne na Mallorca, na Wimbledon yote, na siku mbili zinabaki. Ukilipia wiki moja kabla, wakati wa michuano midogo ya Stuttgart na 's-Hertogenbosch, kifurushi kinakufa Jumatano ya robo fainali. Hiyo ndiyo tarehe ninayomwambia kila anayeniuliza: lipa Jumatatu ya Queen's, si kabla.

Video kwa bando la simu

Hii ndiyo njia ambayo vijana wengi wanaikimbilia, na ndiyo ninayoiweka mwisho kwa mashindano ya nyasi. Tuanze na hesabu. Video ya kiwango cha chini kinachoweza kutazamika inakula kama MB 450 kwa saa. Mechi ya wanaume ya seti tano inaweza kufika saa nne, kwa hiyo ni karibu GB 2. Ukipandisha ubora ili uone mpira vizuri, unavuka GB 5 kwa mechi hiyo hiyo moja. Kwa siku kumi na nne, mwenye kutegemea bando la kawaida la wiki atakwama Alhamisi.

Na ubora wa chini unaumiza zaidi kwenye nyasi kuliko kwenye udongo au saruji. Mpira ni mdogo, una kasi, na unapita karibu na ardhi. Picha ikipungua ubora, mpira unapotea wakati wa servisi na kuonekana tena ukiwa tayari umegonga uzio. Unabaki unatazama watu wawili wakirusha mikono. Kwenye kioo cha inchi sita ni taabu juu ya taabu.

Halafu kuna kuchelewa. Video ya intaneti iko nyuma ya mchezo wenyewe kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine hata nusu dakika. Matokeo kwenye programu za simu yanatoka kwenye kifaa cha mwamuzi aliyekaa kitini, anayebonyeza kila pointi inapoisha, kwa hiyo yanafika kabla ya picha. Wewe unasubiri servisi ya pointi ya mechi, ujumbe unaingia juu ya kioo kukuambia fulani ameshinda. Ukitazama video, zima arifa zote, na ulinyamazishe kundi la WhatsApp la wapenzi wa tenisi mpaka mechi iishe.

Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni unalipia nini. Tennis TV, huduma ya video ya chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume, ni nzuri na inaonyesha Halle, Queen's, Stuttgart na Mallorca. Haionyeshi Wimbledon, wala mashindano yoyote kati ya manne makubwa (Australia, Paris, Wimbledon na Marekani), na haionyeshi mechi za wanawake. Mtu anayelipia mwishoni mwa Juni akitegemea Wimbledon atakosa kila kitu. Viunganishi vya bure vinavyosambazwa usiku wa mechi navyo usivifungue. Vimejaa matangazo ya kamari na vinaweza kuingiza uchafu kwenye simu unayotumia kutuma pesa.

Video ya simu inafaa kwa hali mbili. Kwanza, ukiwa na waya wa intaneti nyumbani au ofisini usiopimwa kwa MB. Pili, muhtasari. Wimbledon wanaweka muhtasari wa mechi kwenye YouTube siku hiyo hiyo, na dakika kumi za muhtasari kwa ubora wa wastani hazifiki MB 100. Aliyekuwa kazini mchana anaweza kuchukua muhtasari wa mechi tatu kabla ya kulala kwa bando la usiku, ambalo bei yake ni ndogo. Kwa mtu wa namna hiyo, muhtasari wa usiku ni bora kuliko kutazama robo ya mechi kwa kujificha chini ya meza.

Matokeo na redio

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaidharau njia hii bila kuijaribu.

Siku mbili za kwanza za Wimbledon zina mechi 128 za mchezaji mmoja mmoja: 64 za wanaume na 64 za wanawake. Hakuna kioo kinachoweza kuzionyesha zote. Programu ya Wimbledon, ambayo haitozwi, inazionyesha zote kwa pamoja, pointi kwa pointi, kwa data ndogo mno. Na mambo makubwa ya siku hizo hutokea mahali na saa ambazo hukuzitarajia. Mwaka 2025 Coco Gauff alikuja London akiwa ametoka tu kutwaa ubingwa wa Paris, akatolewa mzunguko wa kwanza na Dayana Yastremska. Alexander Zverev naye akatoka mzunguko huo huo. Mechi ndefu kuliko zote katika historia ya tenisi, ya John Isner na Nicolas Mahut mwaka 2010, ilichezwa Uwanja Namba 18, pembeni kabisa. Ilichukua saa 11 na dakika 5 kwa siku tatu, na seti ya mwisho ikaisha 70 kwa 68. Ubao wa matokeo wa kielektroniki wenyewe ulikwama kwenye 47 kwa 47.

Kusoma matokeo ya nyasi kunahitaji jicho lililozoea. Gemu nyingi zinakwenda hivi: 15-0, 30-0, 40-0, gemu. Dakika moja na nusu, imekwisha. Hizo unazipita kama mtu anayetembea Darajani akijua duka analolitaka. Unachokitafuta ni 15-30, halafu 30-40, pale anayeanzisha, ambaye pointi zake hutajwa kwanza, anapokuwa hatarini kupoteza gemu. Kwenye udongo hali hiyo inatokea kila baada ya muda mfupi. Kwenye nyasi inaweza kutokea mara moja katika seti nzima, na hiyo mara moja ndiyo inayoamua seti. Ukiona 30-40 kwenye hali ya gemu 4-4, hapo ndipo unapofungua redio.

Redio ya Wimbledon inasikika kupitia programu hiyo hiyo. Sauti inakula kati ya MB 30 na MB 60 kwa saa, kwa hiyo mechi nzima ya saa nne haifiki MB 250. Bei ya saa moja ya video inakununulia karibu mechi mbili za redio. Utangazaji ni wa Kiingereza na unakwenda kasi, lakini maneno yenyewe ni machache na yanarudiwarudiwa. Baada ya siku mbili masikio yanazoea hata kwa asiyekijua sana Kiingereza.

Na nyasi ndizo zinazoifaa redio. Kwenye udongo mabishano ya mipigo ishirini yanampita mtangazaji, anabaki kusema tu kwamba mpira bado uko. Kwenye nyasi pointi ni fupi, anaweza kukueleza kila mpigo na bado akapata nafasi ya kuvuta pumzi. Sauti za uwanja nazo zinaeleza mengi. Watu elfu kumi na tano wa Centre Court wananyamaza kabla ya servisi, unasikia mpira ukidundishwa chini, na kama ni Novak Djokovic unadundishwa mara nyingi mpaka unahesabu. Kisha mgongano, kisha ama makofi ama ile sauti ya mashine inayosema "auti". Tangu 2025 waamuzi wa mistari hawapo tena Wimbledon, wameondolewa baada ya miaka 147, na kamera ndizo zinazoamua. Sauti yake iliyorekodiwa inasikika wazi redioni.

Faida nyingine ni kwamba redio haikufungi mahali. Fundi cherehani anashona, mwenye duka anauza, anayevuka kwa boti kwenda Pemba anasikiliza mpaka mtandao unapokatika baharini. Umeme ukizimika simu yenye chaji inaendelea. Kwa wanaokaa Micheweni au Makangale, ambako kupata televisheni yenye chaneli ya tenisi ni safari, hii ndiyo njia ya kwanza wala si ya akiba.

Ina mipaka. Redio haiwezi kukupa uzuri wa mkono wa Carlos Alcaraz anapoliachia lile dondosho dogo nyuma ya wavu, mpira ukafa kwenye nyasi kabla mwenzake hajaanza mbio. Mtangazaji atasema limedondoka, watu watapiga kelele, na wewe utabaki na hamu.

Kuna pia mechi ambazo bila programu ya matokeo hutazijua kabisa. Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa taji la wasichana wawili wawili pale Wimbledon mwaka 2022, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji kwenye mashindano makubwa manne. Mechi za vijana huanza kwenye viwanja vya pembeni, mbali na kamera zinazofika kwenye king'amuzi chetu. Aliyekuwa na programu alimfuata dada yetu huyu tangu mzunguko wa kwanza. Aliyekuwa na televisheni peke yake alisikia habari baadaye.

Barazani na mkahawani

Watu hudhani tenisi haina nafasi barazani. Inayo, ukijua saa. Julai ligi za Ulaya zimelala, na mchana televisheni nyingi za barazani zinaonyesha marudio ambayo hakuna anayeyatazama. Hata mwaka wa Kombe la Dunia kama 2026, mechi zikichezwa Marekani, Kanada na Mexico, mpira wa kwanza kwa saa zetu hauanzi kabla ya saa 1 usiku. Kuanzia saa 9:30 alasiri mpaka Magharibi hakuna mgogoro. Baada ya hapo usijaribu hata kuomba.

Unachohitaji ni baraza yenye king'amuzi chenye chaneli, na mwenye remoti mwenye moyo. Tenisi inawaingia watu haraka kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ni mtu na mtu, na uso wa anayeshindwa unaonekana. Nilikaa na mzee mmoja Michenzani aliyekuwa anasubiri wenzake wa dhumna.

"Mwanangu, huyu keshashinda seti mbili, mbona bado wanacheza?"

"Babu, wanaume mpaka zifike tatu."

"Na akishinda huyu mwengine?"

"Basi inaendelea. Akizipata mbili wanakwenda ya tano."

"Aa! Basi mwacheni, mtu asiguse hiyo remoti."

Dhumna zilikaa mpaka Magharibi.

Mchezaji wa kumshangilia ndiye anayewafanya watu wakae. Ons Jabeur wa Tunisia alipofika fainali mwaka 2022, mwanamke wa kwanza wa Afrika na wa kwanza Mwarabu kufika fainali ya mashindano makubwa katika zama za wachezaji wa kulipwa, kulikuwa na sababu ya kumwita kila mtu. Alifungwa na Elena Rybakina baada ya kushinda seti ya kwanza, akarudi 2023 na kufungwa na Marketa Vondrousova. Fainali kama zile ukizitazama peke yako na simu mkononi unakosa nusu yake.

Baraza hata hivyo ni ya wanaume, na tusijifanye hatulioni hilo. Dada anayependa tenisi hana nafasi kwenye baraza kama ile ya Jaws Corner, Mji Mkongwe. Kwake chaguo ni sebule yenye king'amuzi, yake au ya shoga yake, na nadhani hilo peke yake linatosha kumfanya alipie mwezi pamoja na wenzake watatu wanaokutana nyumba moja. Mahoteli na mikahawa ya watalii ya Nungwi, Paje na Mji Mkongwe huwa na chaneli zote, na mwenyeji akiomba tenisi mara nyingi anapewa kwa kuwa Waingereza waliokaa pale nao wanaitaka. Utalipa juisi kwa bei ya mgeni, na pengi panauzwa ulevi, kwa hiyo chagua pa kukaa. Kwa siku moja ya mechi kubwa, juisi mbili ni nafuu kuliko kifurushi cha mwezi.

Queen's au Halle, kama utalipia mwezi

Aliyelipa Jumatatu ya Queen's ana wiki moja yenye michuano miwili ya wanaume kwa wakati mmoja, na saa hazitoshi kuyatazama yote. Kwa anayetaka kujua nani yuko tayari kwa Wimbledon, mimi namshauri Queen's. Andy Murray alishinda Queen's na Wimbledon mwaka mmoja mara mbili, 2013 na 2016, na Alcaraz akafanya hivyo 2023. Matteo Berrettini alitwaa Queen's 2021 na akafika fainali ya Wimbledon. Isitoshe, tangu 2025 wanawake wamerudi kucheza Queen's wiki moja kabla ya wanaume, na mwaka huo Tatjana Maria, mwenye umri wa miaka 37 na aliyeanzia mechi za kufuzu, akalibeba kombe.

Halle ina faida moja isiyo ndogo: uwanja wake mkuu una paa la kufunga. Mvua ikinyesha London, Queen's inasimama na televisheni inarudia mechi za jana, huku Halle wanacheza. Hapo ndipo Roger Federer alipochukua mataji 10, na mara tano kati ya hizo alikwenda kushinda Wimbledon mwaka huo huo. Lakini usiyaamini matokeo ya Halle kupita kiasi. Mwaka 2025 Alexander Bublik alimtoa Jannik Sinner mapema na kulitwaa taji. Wiki chache baadaye Bublik akatolewa mzunguko wa kwanza wa Wimbledon, na Sinner ndiye aliyekuwa bingwa.

Ukiwa na siku moja tu

Kuna wasioweza kulipia mwezi, wasio na waya wa intaneti, na kazi zao haziwapi alasiri zaidi ya moja. Kwa hao wengi watasema Jumapili ya fainali. Mimi nasema Ijumaa ya nusu fainali za wanaume. Fainali ni mechi moja, inaanza Magharibi inabisha hodi, na inaweza kuwa ya upande mmoja. Fainali ya wanawake ya 2025 Iga Swiatek aliimaliza kwa 6-0, 6-0 ndani ya dakika 57, na aliyesafiri kutoka Makunduchi kuja mjini kuitazama hakupata hata muda wa kumaliza kahawa. Ijumaa ni mechi mbili mfululizo kwenye Centre Court, kuanzia saa 9:30 alasiri, kati ya wanne waliobaki katika 128. Sala ya Ijumaa imeshapita, chakula kimeshaliwa, na ofisi nyingi zimefungwa. Tafuta mkahawa au nyumba ya rafiki yenye chaneli tangu Jumatano, uhakikishe kwa macho yako kuwa inafunguka, ufike saa 9 ukae mbele. Ikifika Magharibi mechi ya kwanza huenda imekwisha, unasali, na unarudi kwa ya pili ukiwa hujakosa zaidi ya gemu mbili tatu. Jumapili utaisikiliza redioni.